Paul Robeson: Mwigizaji, Mabepari wa Sinema na Ukombozi wa Afrika

Kila linapozungumzwa suala la utamaduni katika mapambano ya ukombozi, hujitokeza watu wanaodai kwamba sanaa haina siasa. Wanasema kazi ya mwigizaji ni kuigiza, kazi ya mwimbaji ni kuimba, na mambo ya dola na tabaka yaachiwe wanasiasa. Hoja hii huvaa nguo za usomi, lakini asili yake ni ya kibwanyenye. Mwenye ukumbi wa maonyesho, mwenye studio ya sinema na mwenye gazeti linalosifu au kukashifu wasanii, wote hawa wana siasa yao, na wanaijua vizuri. Anayetakiwa asiwe na siasa ni msanii peke yake.

Kuipinga hoja hii kwa maneno matupu hakutoshi. Lazima tutazame historia. Katika makala hii tunaeleza maisha ya Paul Robeson, Mweusi wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa waigizaji na waimbaji mashuhuri kabisa duniani kati ya mwaka 1925 na 1949, na ambaye baadaye alinyang'anywa jukwaa, sauti na hata hati ya kusafiria. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha waziwazi jinsi ubeberu unavyomtumia msanii mweusi na unavyomtenda anapokataa kutumiwa. Pili, chanzo kikubwa cha ugomvi kati yake na watawala wa Marekani kilikuwa ni bara letu la Afrika.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hadi akawa mchungaji. Mwaka 1901 alifukuzwa uchungaji Princeton, na miaka michache baadaye mkewe akafa kwa ajali ya moto nyumbani. Paul alikuwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na baba aliyekwisha kuonja utumwa, na jambo hili tunaliona kuwa muhimu kuliko vitabu vyote alivyosoma baadaye. Mwaka 1915 alipata nafasi ya masomo katika chuo cha Rutgers, ambako alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo hicho kianzishwe. Alishika nafasi za juu darasani na pia akawa mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani nchini kote mwaka 1917 na 1918. Kisha alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923.

Uwakili haukumpeleka mbali. Aliajiriwa katika ofisi ya mawakili mjini New York, na siku moja karani wa Kizungu akakataa kuandika barua anayosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka. Basi mtu mwenye digrii mbili alikimbilia jukwaani, kwa sababu Marekani ya wakati ule ilikuwa tayari kumtazama Mweusi akiigiza kuliko kumsikiliza akitetea kesi.

Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill kwenye ukumbi mdogo wa Provincetown Playhouse. Moja, All God's Chillun Got Wings, ilihusu ndoa ya mwanamume mweusi na mwanamke wa Kizungu. Ndani yake mke huubusu mkono wa mumewe. Kwa ajili ya busu hilo la mkono magazeti yalipiga kelele kwa miezi, barua za vitisho zikamiminika, na ofisi ya meya wa jiji ikakataa kutoa kibali cha watoto kuigiza katika onyesho la kwanza, hata mwongozaji akalazimika kuwasomea watazamaji sehemu hiyo. Hao ndio waliokuwa wakisema sanaa haina siasa!

Mwaka uliofuata, yaani 1925, ilitoka filamu yake ya kwanza, Body and Soul, iliyotengenezwa na Oscar Micheaux, Mweusi mwenzake. Mwaka huo huo, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya maonyesho ya nyimbo za kiroho za watumwa, na hakuna kingine katika ratiba. Nyimbo zilizokuwa zikichekwa kama vituko vya mashambani ziliimbwa katika ukumbi wa heshima, zikasikilizwa kama muziki wa taifa lenye historia. Hiyo nayo ilikuwa hatua ya kisiasa, ingawa yeye mwenyewe wakati huo huenda asingeiita hivyo.

Kuanzia mwaka 1928 Robeson aliishi zaidi London. Alivuma sana katika mchezo wa Show Boat, na mwaka 1930 akaigiza Othello katika ukumbi wa Savoy, Desdemona akiwa Peggy Ashcroft. Karibu miaka mia moja ilikuwa imepita tangu Ira Aldridge, Mweusi mwingine wa Marekani, alipoigiza nafasi hiyo London mwaka 1833. Katikati hapo Othello wa majukwaa makubwa alikuwa Mzungu aliyepakwa masizi. Wakubwa wa Uingereza walimkaribisha Robeson majumbani mwao, naye kwa muda alidhani kwamba Uingereza haina ubaguzi. Mwaka 1929 hoteli moja ya kifahari ilimkatalia kumhudumia chakula, na suala hilo likafika hadi bungeni.

Hata hivyo London ndiyo iliyomfundisha Afrika. Hapo alikutana na mabaharia na makuli weusi wa bandarini, na wanafunzi kutoka makoloni, miongoni mwao Jomo Kenyatta. Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi ulimfanya mlezi wake wa heshima. Mwaka 1934 alijiandikisha katika Chuo cha Masomo ya Nchi za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alikwenda kujifunza lugha hizo kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini kwamba Mweusi wa Marekani hawezi kujikomboa akiwa anaona haya asili yake. Wapo wasomi wetu ambao miaka mingi baada ya uhuru bado walikuwa wakiona haya kukizungumza Kiswahili ofisini. Tuendelee.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kisa kinachostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko vyote. Mwaka huo huo wa 1934, ndugu wawili watengenezaji wa filamu, Alexander na Zoltan Korda, walimwajiri Robeson kuigiza katika Sanders of the River, filamu iliyotokana na hadithi za Edgar Wallace. Zoltan Korda alikuwa amekaa miezi Afrika akipiga picha za ngoma, mitumbwi na maisha ya vijijini. Robeson alipoziona picha hizo na kusikia muziki alifurahi sana. Aliona kwamba hatimaye dunia itauona utamaduni wa Mwafrika ulivyo. Akapewa nafasi ya Bosambo, kiongozi wa kabila. Waafrika wengi waliokuwa Uingereza, makuli na wanafunzi, waliajiriwa kujaza vijiji vilivyojengwa studioni kando ya London. Kenyatta, aliyekuwa mwanafunzi mwenye shida ya fedha, naye alipata sehemu ndogo ya mzee wa kabila.

Filamu ilipotoka mwaka 1935, ikaonekana ilivyo. Sanders ni mkuu wa wilaya wa Kiingereza anayewatawala Waafrika kama baba anavyotawala watoto wakorofi. Akiondoka kwa likizo, uvumi unaenea kwamba amekufa, na mara makabila yanaanza kuuana. Akirudi, amani inarudi. Bosambo anapata ufalme kwa sababu ya utiifu wake kwa Sanders. Filamu nzima imewekwa wakfu kwa watawala wa kikoloni, maneno ya sifa zao yakitangulia mwanzoni kabisa. Sehemu nyingine za kuutukuza ukoloni ziliongezwa baadaye, wakati kazi ya Robeson ilikuwa imekwisha. Ngoma halisi na nyuso halisi za Waafrika, alizozipenda sana, zilitumika kama pambo la uongo. Mtazamaji akiona mtumbwi wa kweli, huamini na mkuu wa wilaya.

Marcus Garvey, aliyekuwa akiishi London, alimshambulia Robeson vikali katika gazeti lake kwa filamu za aina hii. Robeson mwenyewe aliikana filamu hiyo hadharani katika miaka iliyofuata na kueleza kwamba alidanganywa. Sisi tunakubali kwamba alidanganywa, lakini hatuishii hapo. Mtu msomi wa sheria alitia sahihi mkataba ambao haukumpa neno lolote juu ya filamu itakavyokatwa na kuunganishwa. Mfanyakazi wa kiwandani huuza nguvu zake, na kitu anachotengeneza huwa mali ya tajiri. Mwigizaji wa sinema huuza sura na sauti yake, na sura hiyo hugeuka kuwa mali ya tajiri vile vile. Nia njema ya mwigizaji haibadilishi lolote katika uhusiano huo. Kwa maoni yetu, mchango mkubwa wa Robeson katika nadharia ya sanaa ulianza siku alipolielewa jambo hili, ingawa hakuliandikia kitabu.

Tukumbuke pia kwamba kosa hili halikuwa la filamu moja. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika nchi yetu wenyewe, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, fedha zake zikitoka hasa kwa shirika la Carnegie la Marekani. Mwanzilishi wake mmoja, Notcutt, alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopata wazo kwamba sinema zinaweza kuwatuliza vibarua. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, juu ya mambo kama kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta, zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini hadi Nyasaland. Kwa hiyo, wakati watu wa London wakionyeshwa Mwafrika mtiifu ili waamini ukoloni ni kazi ya huruma, Mwafrika mwenyewe alikuwa akionyeshwa namna ya kuwa mtiifu. Biashara ilikuwa moja.

Baada ya hapo Robeson alibadili namna ya kufanya kazi. Mwezi Machi 1936 aliigiza London kama Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, katika tamthilia ya C. L. R. James. Katika filamu ya Song of Freedom ya mwaka huo alidai na kupata haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa. Filamu hiyo inamwonyesha kuli wa bandari ya London mwenye heshima zake, jambo geni kabisa wakati ule; lakini nayo, kuli huyo anapofika Afrika, anawakuta watu waliotawaliwa na waganga wanaongoja kuelimishwa kutoka ng'ambo. Haki ya kuidhinisha haitoshi ikiwa mwandishi, mtaji na soko bado viko mikononi mwa wengine.

Mwaka 1937 vita vya Hispania vilikuwa vimepamba moto. Katika mkutano wa kuwasaidia watoto wakimbizi, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, Robeson alitamka kwamba msanii lazima achague upande, wa uhuru au wa utumwa, na kwamba yeye amekwisha kuchagua. Januari 1938 alikwenda Hispania akawaimbia wapiganaji wa vikosi vya kimataifa. Aliporudi alikataa mikataba minono ya kumbi za kibiashara, akaenda kuigiza bila malipo katika Unity Theatre, ukumbi wa wafanyakazi, mchezo juu ya mgomo katika kiwanda cha peremende. Na alipoimba wimbo wa Show Boat uliompa jina, aliyabadili maneno yake: malalamiko ya kuli aliyechoka akayafanya kiapo cha mtu anayepigana.

Filamu aliyojivunia ni The Proud Valley ya mwaka 1940, iliyohusu wachimba makaa ya mawe wa Wales. Robeson alikuwa amewafahamu wachimbaji hao tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipowakuta London wakiandamana kwa njaa huku wakiimba. Ndani ya filamu yeye ni baharia mweusi asiye na kazi anayepokelewa mgodini. Mtu mmoja anapolalamikia rangi yake, anajibiwa kwamba huko chini vumbi la makaa huwafanya wote kuwa weusi. Inafaa kujua kwamba katika andiko la awali wachimbaji walikuwa waufungue mgodi na kuuendesha wenyewe. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, mwisho huo ukabadilishwa, wachimbaji wakapelekwa kuwabembeleza wenye mgodi kwa ajili ya taifa. Hata katika filamu bora, mwenye mtaji hakusahau kulinda mali yake.

Kazi ya mwisho ya Robeson Hollywood ilikuwa Tales of Manhattan ya mwaka 1942, iliyowaonyesha wakulima weusi kama mazuzu. Aliikana mbele ya waandishi wa habari, akasema yuko tayari kusimama pamoja na wale watakaoipinga mlangoni mwa sinema. Hakuigiza tena filamu ya Hollywood. Tarehe 19 Oktoba, 1943, akaanza Othello New York, Mweusi wa kwanza kuigiza nafasi hiyo Broadway pamoja na waigizaji wa Kizungu. Mchezo ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umeifikia Broadway. Ulipopelekwa katika miji mingine alikataa kuigiza katika ukumbi wowote uliotenga viti kwa rangi. Kwa nafasi hiyo alikuwa na nguvu ya kudai, akaitumia.

Sasa tuitazame kazi yake kwa Afrika. Tangu mwaka 1937 alishiriki katika kuunda chombo kilichokuja kujulikana kama Baraza la Masuala ya Afrika, akawa mwenyekiti wake, akifanya kazi na Alphaeus Hunton na baadaye W. E. B. Du Bois. Mwaka 1946 Baraza lilikusanya fedha na chakula cha makopo kwa ajili ya watu waliokumbwa na njaa Afrika Kusini, na mwezi Juni likafanya mkutano mkubwa wa uhuru wa Afrika katika ukumbi wa Madison Square Garden. Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini walipogoma mwezi Agosti, liliwaunga mkono. Mwaka 1954, Kenyatta akiwa kifungoni na Kenya ikiwa katika hali ya hatari, lilianzisha kampeni ya kuwasaidia watu wa Kenya. Wale wawili waliosimama mbele ya kamera ya Korda sasa walikuwa wanapambana na Sanders wa kweli. Mwenzake wa mwanzo katika Baraza, Max Yergan, aligeuka mwaka 1948 upepo wa kuwasaka wakomunisti ulipoanza kuvuma, akaenda upande wa pili. Baraza lenyewe lilivunjwa mwaka 1955 kwa kuandamwa na serikali.

Adhabu ya Robeson ilianza rasmi mwaka 1949. Mwezi Aprili alizungumza katika mkutano wa amani Paris, na shirika la habari likatangaza maneno yaliyopotoshwa, kana kwamba alisema Weusi wa Marekani hawatapigana kamwe dhidi ya Urusi. Tarehe 27 Agosti genge la wabaguzi lilivunja onyesho lake karibu na Peekskill. Tarehe 4 Septemba alirudi akaimba mbele ya watu wapatao 20,000, wafanyakazi wakiwa wamemzunguka kumkinga. Walipokuwa wakiondoka, mabasi na magari yao yalipigwa mawe huku polisi wakitazama.

Mwaka 1950 serikali ilimfutia hati ya kusafiria. Kumbi zilimfungia milango, sahani zake za santuri zikaondolewa madukani, na mapato yake yakaanguka kutoka zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka hadi elfu chache. Alipokwenda mahakamani, mawakili wa serikali walitoa hoja ambayo kila Mwafrika angepaswa kuijua. Walidai kwamba, pamoja na mengine, ilitosha kumnyima hati kwa kuwa kwa miaka mingi alijishughulisha mno kisiasa kwa ajili ya uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hawakumtuhumu kwa ujasusi wala wizi. Kosa waliloliandika kwa wino lilikuwa uhuru wetu.

Hakunyamaza. Mwezi Mei 1952, akiwa amezuiwa hata kuingia Kanada, alipanda juu ya lori kwenye mpaka katika jimbo la Washington akawaimbia maelfu ya wafanyakazi waliojaa upande wa pili. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji wa Wales kwa simu ya chini ya bahari. Tarehe 12 Juni, 1956, alipohojiwa na kamati ya Bunge, wakamuuliza kwa nini asihamie Urusi, aliwajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa katika kuijenga Marekani, naye atabaki hapo na sehemu yake. Mara kwa mara alielezwa kwamba angerudishiwa hati kama angetia sahihi kiapo kwamba si mkomunisti. Alikataa. Alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu kuamua katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia hati kwa sababu ya itikadi yake.

Hatutakuwa wakweli tukilifumbia macho jambo moja. Robeson alipokea Tuzo ya Stalin mwaka 1952, na hakuwahi kuyakemea hadharani maovu ya utawala wa Stalin, hata baada ya kukutana Moscow mwaka 1949 na mshairi Itzik Feffer, rafiki yake aliyekuwa mfungwa na ambaye aliuawa mwaka 1952. Alichofanya ni kuimba jukwaani humo humo Moscow wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi wa ghetto. Wapo wanaomtetea kwamba hakutaka kuwapa maadui wa Weusi silaha. Tunaielewa hoja hiyo, lakini hatuoni kwamba inatosha. Mwanamapinduzi anayedai ukweli kwa wakubwa wa upande mmoja anaudaiwa pia kwa wakubwa wa upande wake. Pamoja na hayo, waliomhukumu Marekani hawakumhukumu kwa ajili ya Feffer.

Alipopata hati alisafiri tena. Mwaka 1959 aliigiza Othello kwa mara ya mwisho, Stratford-upon-Avon, na Novemba 1960 aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga Jumba la Opera la Sydney, wakiwa wamekaa juu ya vyuma vya jengo. Lakini miaka ile ilikuwa imemla. Mwaka 1961 aliugua vibaya, na mwaka 1963 akarudi Marekani. Mkewe Eslanda, aliyesafiri Afrika Kusini na Uganda mwaka 1936, akaandika kitabu juu ya safari hiyo na kuhudhuria mkutano wa watu wa Afrika nzima Accra mwaka 1958, alifariki Desemba 1965.

Mwaka 1973 wasanii walikusanyika Carnegie Hall, New York, kuadhimisha miaka 75 ya Robeson. Salamu zilisomwa kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Mwalimu Julius Nyerere kwa niaba ya Tanzania, na za wapigania uhuru wa ANC. Mwenyewe hakuweza kuhudhuria kwa ugonjwa. Alituma sauti iliyorekodiwa, akiwaambia waliohudhuria kwamba ingawa hawezi tena kufanya kazi, yeye ni Paul yule yule, na msimamo wake kuhusu uhuru, amani na udugu wa watu haujabadilika. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Mwezi Oktoba 1978 Kamati Maalumu ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi ilimpa nishani, wachimba dhahabu aliowapigania mwaka 1946 wakiwa bado chini ya makaburu.